Ukiendesha baiskeli kati ya Isiolo na Moyale, anzia kusini

Nilipoamua kusafiri kwa baiskeli katika barabara ya A2 kati ya Moyale na Isiolo, takriban kilomita 500 za lami zinazokatiza nyika kame ya kaskazini mwa Kenya, nilifanya kosa ambalo nisingependa mwenzangu alirudie. Niliipakia baiskeli katika basi, nikaenda nayo hadi mpakani mwa Ethiopia, nikaanza kuja kusini kwa hoja kwamba ni heri kila siku inisogeze karibu na nyumbani. Hoja hiyo ilidumu hadi Turbi.

Hapo barabara hupinda kusini na kuingia jangwa la Dida Galgalu, na upepo wa kusini-mashariki hukukuta usoni. Si upepo wa bahati mbaya. Hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikapita kwa kasi katika bonde lililo katikati, nayo ndiyo inayozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani, katika kaunti iyo hiyo ya Marsabit. Nilidhani kuondoka saa kumi na moja alfajiri kungenikwepesha. Kulinikwepesha jua tu. Kutoka Turbi hadi Bubisa nilitumia siku nzima katika gia nyepesi kabisa, kana kwamba napanda mlima, ilhali mbele yangu palikuwa tambarare tupu.

Uchovu huo si hasara kubwa kuliko zote. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, anayeshuka kusini hupigwa na upepo kutoka kushoto na kusukumwa katikati ya barabara, kwenye mapito ya malori ya mifugo, lakini anayepanda kaskazini huupata kisogoni upande wa kulia, na ukimzidi nguvu humtupa kwenye kokoto za kando. Kwa hiyo anzia Isiolo. Ukishapita Turbi utaupata ubavuni, na kwa kilomita 120 hivi zilizosalia hilo linavumilika.

Barabara hii ni kipande cha njia kuu ya Cairo hadi Cape Town, na kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010 magari yaliisafiri kwa misafara yenye askari, juu ya mawe ya volkano yaliyochana matairi. Lami imeyafunika mawe, lakini haikupunguza umbali kati ya maji na maji. Nilibeba lita nane, zikaisha kabla ya saa tisa alasiri; kati ya Marsabit na Turbi ningebeba kumi na mbili. Chupa moja ya lita iwe na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kwa sababu jasho hukaukia mwilini pasipo wewe kulihisi, hata ukakuta shati limekuwa gumu na jeupe mgongoni.

Kivuli kitafute ndani ya makalvati, ila chungulia kwanza. Nililoingia mimi lilikuwa na mbuzi kumi na tano hivi na mchungaji mzee, ambaye alijisogeza bila kusema neno, akanimiminia maziwa ya ngamia katika kifuniko cha dumu lake. Ukitoka kwenye lami, ibebe baiskeli begani, usiisukume. Kwa uvivu wa hatua ishirini nilichomoa miiba saba ya mgunga kwenye tairi la nyuma.

Usiendeshe usiku, na katika kila mji uliza polisi hali ya usalama ya kipande kinachofuata, kwani visa vya wizi wa mifugo havijaisha.

Kuhusu basi la kurudi kutoka Moyale, lipia baiskeli mapema, fungua pedali, geuza usukani, kisha simama hapo hadi buti lifungwe. Yangu, wakati wa kwenda, ilisafiri chini ya magunia mawili ya maharagwe, ikashuka na spoki tatu zilizopinda.