Wadogo Zangu, Hesabuni Vizibo

Juma lililopita, katika uwanja wa ndege wa Malindi, nilisimama kivulini nikiwatazama vijana wawili wenye leseni mpya wakibadilisha injini ya kushoto ya ndege ya propela mbili iliyokuwa imekwama hapo siku ya tatu. Walikuwa hodari, mikono yao ni myepesi, na toki renchi yao, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ilikuwa na kibandiko cha ukaguzi ambacho tarehe yake haijapita, jambo ambalo niliwasifu kimoyomoyo. Kisha mmoja wao akafungua bomba la oili, akapapasa mfukoni, akatoa tambara na kulisokomeza mdomoni mwa bomba kana kwamba anaziba chupa ya mafuta ya nazi. Nilitoka kivulini kwa kasi ambayo magoti yangu hayakuipenda. Nayaandika haya kwa sababu sina tena pumzi ya kuyapigia kelele katika kila uwanja.

1. Mzigo huhesabiwa Nairobi, hauhesabiwi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Karakanani ukikosa gasketi unakwenda stoo na kurudi kabla chai haijapoa, lakini ng'ambo ya maji stoo yako ni kile ulichopakia tu. Injini ya propela ya PW123 ina karibu kilo 450, na fundi aliyezoea injini za jeti zenye zaidi ya tani mbili huidharau, akadhani kwamba kitu chepesi hakina madai mengi. Hakuna aliyewahi kuisahau injini yenyewe. Kinachosahaulika ni pini za stendi ya kubebea injini, gasketi mpya na slingi ya kunyanyulia propela. Mwenzetu mmoja alifika Mokowe, gati la upande wa bara, na slingi nzuri isiyo na pingu zake za kuungia hata moja. Mafundi wa majahazi wa Matondoni walimwonea huruma, wakamletea pingu ya nanga, naye akaishukuru na kuirudisha, kwa kuwa chuma kisicho na cheti cha kunyanyulia hakiningʼinizi injini hata kama kimeshikilia jahazi miaka 20. Wale wazee walicheka mpaka wakakaa chini, nao walikuwa na haki ya kucheka.

2. Heshimuni barabara, na mheshimuni nahodha zaidi. Lori liwe la springi za mito ya hewa na stendi iwe na mipira yake, kwa maana beringi isiyozunguka huumizwa na mtikisiko kimyakimya, na barabara ya Garsen na Witu haiwaulizi mmebeba nini. Kadi ya unyevu itazameni kila mnaposimama. Ikiacha ubuluu na kuwa ya waridi, mjue hewa ya pwani imeshaingia kwenye kifungashio. Ama kuhusu tishari la kuvukia Manda, siku za bamvua maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti yake ikapita mita tatu, na injini iliyokalia tope katikati ya mikoko haina simu ya kuipigia. Nahodha akisema maji hayatoshi, basi hayatoshi, hata kama meneja wako ameshawaambia abiria saa ya kuondoka.

3. Vizibo vya midomo ya mabomba. Hapa itabidi mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Ilikuwa Manda, msimu wa kaskazi, miaka kadhaa kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, na punde mtaona kwa nini ninaitaja marufuku hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Tulikuja na seti moja tu ya vizibo, nami ndiye niliyeamua kwamba moja inatosha. Injini mbovu iliposhuka ilivichukua vyote, kama inavyostahili, kwa sababu hurudishwa ikiwa imezibwa kila tundu, na mabomba ya upande wa ndege yakabaki wazi huku upepo ukituletea mchanga. Asubuhi ile mashua ilikuwa imetuletea mahamri na mbaazi kutoka Lamu. Nilichukua mfuko wa nailoni uliobebea mahamri, nikakata kipande, nikakikunja mara mbili, nikakifunga mdomoni mwa bomba la kipozeo cha oili kwa utepe wa kijivu. Nilijiambia kwamba ni kwa dakika kumi tu.

Dakika kumi zile ziliingiliwa na kreni, kreni ikaingiliwa na upepo, na upepo ulipotulia ikawa magharibi. Kijana wangu aliunganisha bomba lile kwa mwanga wa taa ya kichwani. Utepe wangu ulikuwa wa rangi ileile ya ala ya bomba; aliuona, akaukata, akauvuta, na baadhi ya nailoni ikaja nao. Iliyobaki ilikuwa imelowa oili, na nailoni iliyolowa oili haionekani hata ukiikodolea macho. Nilikuja na tochi yangu, nikamulika, nikatia saini.

Kesho yake tuliizungusha injini kwa stata bila kuiwasha. Mshale wa presha ya oili ulitikisika, ukapanda kidogo, ukakaa hapo. Tulisimamisha. Tukailaumu sensa ya presha, kwa kuwa fundi aliyekosea huanza na sensa sikuzote, tukapoteza nusu siku kuibadilisha sensa isiyo na hatia. Tulipofungua mabomba, kile kipande kilikuwa ndani ya kiungio, kimekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nilikitandaza juu ya sahani nyeupe, nikakilinganisha na kilichotoka kwenye utepe na mfuko kilikokatwa. Palipungua kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Tulifungua vichujio, vikawa safi. Tukatazama sumaku ya chembe za chuma tukijua fika kwamba sumaku haishiki nailoni. Boroskopu, ile kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya injini, haifiki kwenye vijia vya oili vya ndani. Nilipopiga simu Nairobi, mkuu wetu aliniuliza swali moja tu: "Kipande chote unacho mkononi?" Nikasema hapana. "Basi ishushe." Ikashuka. Ikatafutwa injini nyingine, na lori jingine, na tishari jingine, na tukakaa Manda siku tisa zaidi. Karakana waliivua ile ya kwanza yote wasione kitu. Mpaka leo sijui kilipo kipande kile.

Hilo bado silo linaloniuma. Kijana wangu alidhani kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyeunganisha bomba, akaomba radhi mbele ya kikosi kizima, nami nilinyamaza kutwa nzima. Nilisema ukweli usiku, katika mashua ya kurudi Lamu, baada ya nahodha kuzima injini na kukawa hakuna kelele ya kujifichia. Kijana hakunijibu neno mpaka tulipofika gatini, na pale akanisaidia kubeba sanduku langu. Siku hizi yeye ndiye msimamizi, na mbele ya wanafunzi wake huniita Mzee wa Mahamri. Nimeitika.

Kwa hiyo: seti mbili za vizibo, kila kimoja kiwe na namba na utepe mwekundu unaoning'inia, vihesabiwe kwa maandishi vikitoka na vikirudi.

4. Mengine ni mafupi. Upepo ukizidi kiwango cha kitabu, msining'inize kitu, hata kikiwa kimebakiza bolti mbili. Ukaguzi wa pili wa mifumo ya udhibiti hufanywa na mtu ambaye hakushika spana katika kazi hiyo, na aliyelala usingizi. Msisahau kifaa cha kusawazishia propela. Na watu wa hoteli wa Malindi wakija kuuliza ndege itaruka saa ngapi, wapeni saa mnayoidhania, kisha muongeze siku moja, kwa maana mtalii wa Kitaliano aliyeongezewa siku ya ufukweni hulalamika kidogo kuliko yule aliyeahidiwa asubuhi akaondoka usiku.

5. Nilitaka kuandika kuhusu kumbukumbu za kazi, lakini nanyi mnajua kuandika. Kinachowashinda ni kuandika siku ileile.

Wewe uliyeziba bomba pale Malindi, tambara lako ninalo. Nililipima lilipotoka, na pembe moja imechanika. Njoo ulichukue, na uje na kile kipande cha pembe.