Urasmi wa Hotuba na Urasmi wa Tasnifu

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha uandishi wa kitaaluma katika vyuo vya Dodoma, utagundua mapema kwamba mwanafunzi akiambiwa aandike kwa lugha rasmi, huandika hotuba. Hana kosa, kwani urasmi alioukulia ni wa mikutano ya hadhara na wa Bunge, ambalo limo katika jiji hilihili anamosomea, na huko wingi wa maneno ni sehemu ya heshima kwa msikilizaji.

Nilichelewa kulielewa hilo. Nilikuwa nikiipigia mstari mwekundu sentensi kama "Siku hizi mvua imekuwa shida, wakulima wanateseka sana," na kuandika pembeni: lugha ya mtaani. Rasimu ya pili ikarudi hivi: "Suala zima la mvua limekuwa ni changamoto kubwa inayopelekea wananchi walio wengi kuweza kuathirika kwa namna moja ama nyingine." Sentensi ilikuwa imevaa suti, lakini hata wale wakulima walikuwa wametoweka. Nikatoa orodha ya maneno ya kuepuka. Wiki iliyofuata "changamoto" ikawa "kadhia", na mengine yote yakabaki vilevile.

Siku hizi naanza kwa maswali. Wakulima wa wapi, na wa zao gani? Mvua ilichelewa, ilipungua, au ilikatika? Umejuaje? Kwa kuwa ukanda huu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kuchelewa na kukatika ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mwenye shamba la mtama, na mwanafunzi aliyekulia Kongwa au Bahi anayajua kuliko mimi. Akishajibu, huandika mwenyewe: "Wakulima wa mtama waliohojiwa katika vijiji viwili vya Wilaya ya Chamwino walieleza kuwa mvua ilikatika Februari, kabla mtama haujatoa masuke."

Kuhusu mwandishi kujiita "mimi" au "mtafiti", fuata mwongozo wa chuo chako na usipoteze kipindi kizima hapo. Tumia muda huo kwenye kitenzi "walieleza". Mwulize mwanafunzi kwa nini hakuandika tu kwamba mvua ilikatika, na angehitaji nini, pengine takwimu za kituo cha hali ya hewa, ili akiondoe kitenzi hicho. Darasa langu la mwisho lilibishana juu yake hadi kipindi kikaisha.