Barua kwa mwanangu: stoo au majini

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako amerudi kutoka Tanga juzi, na kiuno chake ni kama unavyokijua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwenye kambi ya darasa lenu Mafia, siku sita hapo ng'ambo ya Utende, uchukue kazi gani: uongoze kundi la vipimo vya nyasi bahari, au uwe mtunza stoo kama mratibu alivyokuomba. Tena wenzako wanacheka, wanasema stoo ni ya wasiojua kuogelea. Nitakujibu. Kwanza niambie: boraksi nani ananunua?

Usidhani nakukwepa. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia wanyama mtakaowaokota, ikikaa hugeuka asidi polepole. Jongoo bahari ana vijiwe vya chokaa ngozini, vidogo hata huvioni bila hadubini, na kwa aina nyingi ndivyo vinavyomtambulisha. Asidi ikivila, umebaki na kipande cha ngozi kisicho na jina. Kwa hiyo boraksi, ile poda ya kuua asidi, inatiwa kwenye fomalini nzito kabla hamjasafiri, inatikiswa, inaongezwa mpaka ibaki kidogo chini isiyoyeyuka, kisha inapimwa kwa karatasi ya pH, ile ya kupimia asidi. Ndipo unachanganya sehemu moja ya fomalini hiyo na sehemu tisa za maji ya bahari. Kwa jongoo lakini, ukinisikiliza mimi, fomalini isimguse kabisa. Spiriti inamtosha.

Na spiriti nayo ina adabu zake. Jongoo ni mfuko wa maji. Ukimtumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 asubuhi, maji yake yanaizimua, na baada ya siku mbili ukifungua kifuniko unakutana na harufu. Anza na ya 96, spiriti iwe angalau mara tatu ya ujazo wa mnyama, kesho yake uimwage na utie mpya ya 70. Kuipata hiyo ya 70, chukua mililita 730 za ile ya 96, ongeza maji safi ya maabara mpaka itimie lita moja. Maji ya bahari usithubutu. Chumvi inajitenga na chupa nzima inakuwa nyeupe kama tui. Kabla ya yote hayo mnyama alazwe usingizi, la sivyo atatapika matumbo yake yote: gramu 75 za fuwele za magnesi kloridi kwa lita ya maji baridi yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, subiri mpaka ukimgusa hajikunyati.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi isiyolowa, na iingie NDANI ya chupa. Mahali, tarehe, kina, namba ya kituo, jina la aliyeokota. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti. Lebo ya kubandika nje inadondoka ikipata unyevu wa chumvi.

Sasa unajua naelekea wapi. Chupa za Jibondo. Mama yako amekwisha kuniambia nisizitaje tena mezani, lakini hapa si mezani. Lile kundi lililokwenda kisiwa cha Jibondo lilifanya kazi nzuri majini, hakuna wa kulipinga. Vijana hodari, wanazamia kama wamezaliwa huko. Stoo wakampa kijana mmoja kwa sababu hajui kuogelea, na hakuna aliyemwonyesha kitu. Akapewa fomalini kuukuu, kalamu ya wino, na kauli moja tu, "weka humo." Miezi minne baadaye chupa zinafunguliwa maabara: tunakata kipande cha ngozi, tunakitia jiki kidogo kwenye kioo ili nyama iyeyuke vibaki vijiwe, tunaangalia. Hakuna kitu. Kipande cha pili, hakuna. Lebo zinaelea nyeupe. Na walioulizwa mbele ya jopo walikuwa wale waliozamia, siyo aliyetia saini mpango wa safari. Huyo alikaa pale pale kwenye jopo akitikisa kichwa, kana kwamba habari hizo anazisikia leo. Mpaka sasa nikikumbuka kile kichwa kinavyotikisika, chai hainipiti.

Na wale ni wanyama ambao Tanzania Bara uvunaji wao umezuiwa miaka mingi. Tena mtakuwa ndani ya hifadhi ya bahari, ya kwanza kutangazwa nchini, mwaka 1995. Kila mnyama mnayemtoa pale katolewa kwa kibali. Ukimharibu kwenye chupa huwezi kurudi kuokota mwingine kwa kuwa tu umekosea hesabu.

Ndiyo maana nimekwambia tangu uko kidato cha tano: sayansi ya kambini inapotelea stoo, haipotelei baharini.

Tazama hata hivyo vipimo vya nyasi bahari unavyovitamani. Mistari mitatu ya mita 50, imeachana mita 25, na fremu ya nusu mita kwa nusu mita kila baada ya mita tano, kuanzia sifuri. Hizo ni fremu 11 kwa mstari, 33 zote. Ukienda dakika tano kila fremu, kukadiria asilimia ya majani, kutenganisha aina na kupima urefu, ni saa mbili na dakika 45, hujahamisha hata tepu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Ushuke saa moja na nusu kabla, utoke saa moja na nusu baada. Saa tatu jumla. Uji ukichelewa nusu saa, mstari wa tatu unaufanya maji yakiwa mapajani, na hapo hukadirii tena, unabuni. Na uji unachelewa kwa nini? Kwa sababu mtu wa stoo hakuloweka maharage usiku, mkaa umelowa umande, na dumu la jikoni limekauka.

Maji yenyewe: lita tano kwa kichwa kwa siku, kunywa na kupika. Ninyi 14 kwa siku sita ni lita 420, yaani madumu 21 ya lita 20, bado ya kusuuza miwani na vifaa. Yaletwe jioni, kwenye saa kumi hivi, maji ya bahari yakiwa yamejaa, mtumbwi ufike pwani kabisa. Ukiyaagiza saa nne asubuhi mtayabeba begani kuvuka tope.

Mahema yawe juu ya ule mstari wa majani makavu ulioachwa na bamvua la mwisho, chini ya mivinje, si minazi. Vigingi havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mifuko, ifunge kamba, izike. Na birika la maji ya moto liwe tayari wakati wote watu wako majini. Mtu akichomwa na mwiba wa samaki taa, mguu unaingia kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, nusu saa mpaka saa moja na nusu, na safari ya hospitali inapangwa papo hapo. Konokono mwenye umbo la pia asiokotwe na mkono wa mtu yeyote, hata akiwa mzuri vipi.

Nikisoma tena niliyoandika naona nimeshakuchagulia, na sikukusudia. Maana wewe ulianza kozi hii kwa ajili ya maji. Bibi yako alikuwa akikutafuta miambani kila kupwa, na unaniambia nikuweke hemani uhesabu vifuniko? Mtu hajifunzi kukadiria nyasi bahari kwa kusimuliwa, jicho linazoezwa fremu kwa fremu. Na hao wanaocheka, ukichagua stoo kwa kuwakasirikia tu, hilo nalo si sababu. Lakini basi stoo aichukue nani? Ukiona amepewa yule asiyetaka, ujue kazi yako ya majini ina mwenyewe mwingine.

Haya. Sisemi. Ni kambi yako. Ila nenda kwa mratibu kesho, si Ijumaa, umwombe orodha ya kemikali na tarehe iliyoandikwa kwenye chupa ya fomalini. Na chochote utakachochagua, spiriti ipitie bandari ya Nyamisati na boti, kwenye ndege ya Kilindoni msijaribu kuipakia.

Mama yako anakutumia khanga mbili na penseli dazeni moja. Penseli nimenunua mimi.

Baba