Kabla ya Kudunga Dawa kwenye Jicho la Panya

Anayeanza utafiti wa magonjwa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa na haraka ya kuchagua dawa. Achague panya kwanza. Panya hana makula, lile eneo dogo la katikati ambalo binadamu hulitumia kusoma na kutambua sura za watu, kwa hiyo ugonjwa wa makula wa uzeeni hauwezi kuigwa kwake wote. Unaigwa kipande kipande, na ni juu yako kujua unakitaka kipi.

Kisha pima jeni. Koo za panya wa maabara za C3H na FVB hubeba kasoro ya jeni iitwayo rd1, ambayo humaliza seli nyingi zinazopokea mwanga ndani ya wiki 4 hivi. Hao ni vipofu kabla hujashika sindano. Kasoro ya rd8 ni ya hila zaidi: mwaka 2012 ilibainika kuwa imo kwa panya wa C57BL/6N, wanaotumika maabara nyingi, ilhali C57BL/6J hawana. Huleta madoa ambayo utadhani ni ugonjwa ulioutengeneza wewe. Kipimo cha PCR, kinachosoma kasoro hizo kwenye jeni, ni cha siku moja, hakuna udhuru.

Ukifuatilia mishipa mipya ya damu, njia ya oksijeni ni nzuri lakini ina mitego. Watoto wa siku 7 huwekwa na mama yao kwenye oksijeni ya asilimia 75 hadi siku ya 12, kisha hurudishwa kwenye hewa ya kawaida. Mishipa ya katikati huwa imetoweka, retina inabaki na njaa ya oksijeni na kutoa kwa wingi VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, na mishipa mibovu hufikia kilele siku ya 17. Mara nyingi kinachoharibu matokeo ni uzito. Mtoto aliyedumaa, hasa wa mama mwenye watoto wengi, hafuati ratiba ya ndugu zake. Mpime kila mmoja, na kiwango cha kumwondoa kwenye jaribio kiandikwe kabla ya kuanza. Mama naye huumizwa na oksijeni hiyo kuliko wanawe, kwa hiyo awepo mwingine anayenyonyesha wa kuwapokea.

Jicho la panya lina ute wa mikrolita 5 hivi, kwa hiyo dunga mikrolita 1 tu. Lenzi imejaza karibu jicho lote, na ukiigusa unasababisha mtoto wa jicho. Acha sindano ndani kama dakika moja, la sivyo dawa itatoka kupitia tundu lile lile.

Kwa kipimo cha umeme wa retina, panya akae gizani usiku kucha, aandaliwe kwa taa hafifu nyekundu, na joto la mwili lishikiliwe karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Aliyepoa hutoa mawimbi madogo, ukaisingizia dawa.

Macho mawili ya panya mmoja si panya wawili kwenye hesabu. Tena dawa ya jicho la kulia huweza kupita damuni ikafika la kushoto, ambalo wengi hulifanya la kulinganishia.

Muda nao uupangie. Mbwa wenye kasoro ya jeni ya RPE65 walirudishiwa uwezo wa kuona kwa tiba ya jeni katika utafiti wa mwaka 2001; tiba hiyo kwa binadamu iliidhinishwa Marekani Desemba 2017. Wakati huo wote, tenga nusu siku kwa wiki ukae kliniki ya macho. Huko ndiko unakoona wagonjwa wakiacha sindano za kuzuia VEGF kwa kuchoshwa na kuzirudia, wakati maabara inatafuta dawa yenye nguvu zaidi badala ya inayokaa jichoni muda mrefu.