Mkuu, usiiguse hiyo orodha ya maneno matupu

Mkuu, simama hapo hapo. Eti umepewa faili la Excel lenye maneno ya Kiingereza ya vitufe vya programu ya kikoba, neno moja moja, uyatafsiri kwa Kiswahili, nawe unataka kulipitia na kamusi ukichukua maana ya kwanza. Halafu unatuuliza utajuaje kama "transfer" ni nomino au kitenzi, kamusi ipi nzuri, na utoze shilingi ngapi kwa neno. Hutajua. "Transfer" likiwa peke yake kwenye kisanduku cha Excel si nomino wala si kitenzi, ni herufi nane tu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye programu ya Saccos. Orodhani kulikuwa na "Share". Saccos na hisa ni chanda na pete, nani angewaza kingine? Nikaandika "Hisa", nikajiona mjuzi. Menyu ikakaa vizuri kabisa: Akiba, Mkopo, Hisa. Kumbe neno hilo hilo lilikuwa pia chini ya kila risiti, pale mtu anapobofya ili amtumie mwenzake. Yaani huko ni kitenzi. Na mfumo ukikuta neno la Kiingereza limeandikwa vilevile, huweka tafsiri ile ile kila mahali, isipokuwa mwandishi wa programu awe ameyatenganisha. Wanaotumia gettext, zana ya kutafsiria programu, wana msgctxt kwa kazi hiyo, yaani lebo inayosema neno limetumika wapi. Wetu hakuweka kitu.

Basi mwanachama analipa rejesho, risiti inatokea, chini imeandikwa "Hisa". Anataka kujua hisa zake zimefikia ngapi, anabofya. Simu inamletea orodha ya watu wa WhatsApp. Wenye akili walirudi nyuma. Wengine walidhani ndiyo taratibu, wakagusa jina la juu. Mama mmoja risiti yake, salio la mkopo likisomeka, ilitua kwenye kundi la ukoo, na humo yumo shemeji aliyekuwa ameambiwa "sina hela wala sikopi". Chekeni tu. Aliyepigiwa simu usiku na mhasibu ni mimi. Kazi nzima nikairudia bila nyongeza, na malipo ya awamu ya pili nayasubiri mpaka leo.

Wa kwanza ninayemlaumu ni aliyenipa kazi: "Maneno mepesi haya, jioni moja unamaliza." Mepesi! Wa pili ni mwalimu wangu wa twisheni, aliyetukaririsha kwamba kitenzi ni neno linalotaja tendo. Sasa uhamisho si tendo? Wizi je? Ugomvi je? Kwenye Kiswahili hatuumii, kwa sababu umbo lenyewe linajitaja: hamisha, uhamisho, nani atachanganya? Mwingereza kawavalisha wote sare moja, na ukitazama maana peke yake umekwisha.

Kwa hiyo tazama majirani wa neno, usilikodolee macho lenyewe. Likitanguliwa na "a", "the" au "your", ni nomino: "Your transfer failed", Uhamisho wako umeshindikana. Likianza lenyewe na kufuatwa na kinachotendwa, ni kitenzi: "Transfer money", Hamisha pesa. "To" ni ndumilakuwili, usimwamini. "Tap to search" ni kitenzi, Gusa ili kutafuta; "Back to search" ni nomino, Rudi kwenye utafutaji. Na "Transfer request"? Laweza kuwa ombi la uhamisho, laweza kuwa amri ya kuhamisha ombi. Hapo hata jirani hasaidii, mpaka uione skrini yenyewe.

Watakuja watu hapa kukwambia usikilize mkazo, kwamba "record" nomino hukazwa mwanzoni na kitenzi hukazwa mwishoni. Kweli kabisa. Excel yako inatamka?

Leo leo mwandikie aliyekupa kazi akutumie picha za skrini, na akuonyeshe "Deposit", "Request", "Charge" na "Transfer" kila moja linakaa wapi. Neno likikutwa sehemu mbili zenye kazi tofauti, alitenganishe kwenye programu kabla hujaandika hata herufi moja. Akisema hana muda wa kupiga picha, mrudishie faili lake.