Wazee wa kompyuta bado wamo ndani ya msimbo wako

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa programu anapoteza muda akisoma habari za waanzilishi wa kompyuta, maana waajiri wanataka lugha mpya tu. Mimi nasema soma, ila soma kazi zao kuliko wasifu wao.

Anza na Unix, mfumo endeshi wa kompyuta uliozaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1969 mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ritchie ndiye aliyebuni lugha ya C, na kiini cha Linux (mfumo endeshi ulioiga Unix) kinachoendesha simu za Android kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C hadi leo. Hata saa ya mfumo huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, uamuzi wa enzi zile. Mifumo inayohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038, yaani namba itazidi nafasi iliyotengwa! Asiyejua chanzo atahangaika sana na hitilafu ya namna hiyo.

Usimsahau Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, na kompaila yake ya A-0 ya mwaka 1952, yaani programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.

Wiki hii fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unganisha amri mbili kwa alama ya |, ili matokeo ya ya kwanza yaingie kwenye ya pili. Hilo ni wazo la Doug McIlroy, naye wa Bell Labs: programu ndogo ndogo zinazofanya kazi pamoja. Kisha rudi kwenye programu yako, uone ni wapi unaweza kuigawa vipande vidogo.