Maswali ya wapandaji: nani anaipa njia jina?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Masasi, Nachingwea na Nanyumbu, kwenye mawe makubwa yanayopandwa kwa mikono, bila kamba, godoro likitandikwa chini la kuangukia. Njia ni mstari anaoufuata mpandaji juu ya jiwe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nani katangulia, na kutangulia kunampa haki gani.

Shikamooni wahariri. Kuna jiwe chini ya Mlima Mtandi ambalo nimelihangaikia tangu mwezi wa sita. Nimefyeka magugu, nimepiga brashi ukuta mzima, na kila Jumapili nilikuwa najaribu njia yake. Juzi kijana mwenzangu kaja na godoro lake, kaipanda, na kaitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwa jina alilolitaka yeye. Kwa haki jina ni la nani? (Mpandaji, Masasi)

Marahaba. Jina ni la aliyepanda wa kwanza, mradi kapanda safi. Ndiyo desturi ya wapandaji wa mawe karibu kila mahali. Jasho la kusafisha lina heshima yake kubwa, ila halimfanyi mtu kuwa mwenye njia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza kama kapanda safi. Maana yake ni hii: mikono yote miwili ilianzia kwenye vishikio vinavyojulikana kuwa ndio mwanzo, miguu ikaondoka chini, na kuanzia hapo hakugusa tena godoro, mtu wa kumkinga, tawi wala jiwe la jirani, mpaka akasimama juu kwa miguu yake. Kuruka kabla ya kufika juu hakuhesabiwi. Mgongo ukisugua godoro njiani, hata kidogo, anarudi chini na kuanza upya. Wengi huteleza hapa bila nia mbaya, hasa kwenye mwanzo wa chini sana ambapo godoro lenye unene wa inchi 4 au 5 linakaribia kugusa kiuno. Dawa yake ni kulivuta godoro nyuma kidogo na kumweka mtu wa kukinga, badala ya kulisukuma chini ya mpandaji.

La pili: je, alijua kwamba unaifanyia kazi? Kwa wapandaji wa kamba, aliyetoboa mwamba na kutia boliti (vyuma vya kushikilia kamba) kwa gharama zake hufunga kitambaa chekundu kwenye boliti ya kwanza, kuomba wenzake wamsubiri. Kwenye mawe yetu hakuna boliti, hivyo ombi ni la mdomo, na halidumu milele. Ushauri wetu ni msimu mmoja wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba. Na katika msimu huo uwe unakwenda kweli. Aliyesafisha jiwe kisha akahamia Dar es Salaam hawezi kulifungia wenzake.

Kama kijana alikuwa hajui, hana kosa. Kama aliombwa asubiri akapanda hivyo hivyo, amevunja adabu, na la kiungwana ni kukaa nawe mkachagua jina pamoja. Kwa vyovyote vile, maandishi yabebe wote wawili: nani alisafisha, nani alipanda. Mnapoandika, andikeni kwa kina hiki:

*Jiwe: (jina la wenyeji). Njia: (jina jipya). Mwanzo: umesimama, mkono wa kushoto kwenye ukingo mlalo usawa wa kifua, wa kulia ndani ya ufa wima. Fuata ufa, vuka kushoto chini ya paa dogo, tokea juu penye mstari mweupe wa kwatsi. Kutua: magodoro mawili, mzizi uko kulia. Kuteremka: nyuma ya jiwe, upande wa mkorosho. Alisafisha: … Alipanda wa kwanza: … Tarehe: … Ugumu unaopendekezwa: 6A (daraja la ugumu wa njia).*

Mstari wa mwanzo ndio unaomaliza ugomvi. Usipotaja mkono upi ulikuwa wapi, mwakani watatokea watu watatu, kila mmoja kaanzia pake na kila mmoja anajiita wa kwanza.

Mzee mmoja hapa kijijini anasema jiwe tulilolipanda sisi wao walikuwa wanalipanda utotoni, wakiwinda pimbi na kulinda mashamba dhidi ya ngedere. Sisi tumeshatangaza kwamba ni upandaji wa kwanza. Tumekosea? (Kikundi cha vijana, Nachingwea)

Neno la mzee lina uzito, lifuateni. Mwombeni awaonyeshe kwa kidole alikopita. Mara nyingi wazee walipita upande ulioinama, wa kuparamia, na siyo ukuta mnaoupanda ninyi. Hapo njia yenu bado ni mpya, na ile ya upande wa pili iandikwe kwamba imepandwa na wenyeji tangu zamani. Akionyesha palepale mlipopanda, futeni neno "wa kwanza". Na hata pasipo ushahidi wowote, andikeni "wa kwanza unaojulikana", kwa sababu ndio ukweli wenyewe.

Jiwe na njia ni vitu viwili. Jiwe kubwa la kuonekana kutoka barabarani huenda tayari lina jina la Kimakua, Kiyao au Kimwera, na jina hilo halibadilishwi na mgeni mwenye chaki ya kupandia mkononi, wala na kijana wa mji uleule aliyekulia mjini. Mnachoruhusiwa kukipa jina ni mstari mliopanda. Kabla ya kuandika chochote ulizeni watu wa aina tatu: mzee wa eneo, mwenye shamba, na wale wanaoshinda mlimani, yaani wachunga mbuzi na wapasua kokoto. Wapasua kokoto msiwasahau hata kidogo. Hao ndio wanaojua jiwe gani limeshalengwa kuwashiwa moto na kupigwa nyundo, na mkiwahi kuzungumza nao, jiwe linaweza kubaki.

Swali la jina pia linafungua maswali mengine ya lazima. Hapa kuna kaburi? Panafanyiwa tambiko? Kuna kambi ya jando karibu? Kambi hizo huwekwa kiangazi, wakati ule ule wa kupanda, na asiyehusika hapiti jirani, sembuse kupanda juu na kuchungulia. Mkiambiwa msipande, ondokeni bila kubishana na msiliandike jiwe hilo kabisa. Mkikuta michoro ya kale ukutani, msiguse, msitie chaki wala brashi: inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, basi anzeni kwa mtendaji. Kwenye msitu wa hifadhi anzeni kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Na mikorosho: kuanzia mwezi wa tano au wa sita hadi wa nane wakulima hupuliza salfa, mara nyingi alfajiri kukiwa hakuna upepo. Ingieni baadaye, piteni kwenye njia ya shamba, msiegemeze godoro kwenye tawi lenye maua.

Nikiongeza mwanzo wa kukaa chini kwenye njia ambayo tayari ina jina, naruhusiwa kuipa jina jipya? (Mpandaji, Mangaka)

Ndiyo, kama mwanzo huo umeongeza kazi ya kweli, na jina la awali libaki kwenye sehemu ya awali. Mfano uko Red Rock, Marekani: Jimmy Webb alipanda Sleepwalker mwaka 2018, Daniel Woods akaongeza mwanzo wa kukaa mwaka 2021 na kuuita Return of the Sleepwalker. Aliyefuata alimtambua aliyetangulia ndani ya jina lenyewe. Ukiwa umeongeza hatua moja tu ya mkono isiyobadilisha ugumu, andika "mwanzo wa kukaa" mbele ya jina la zamani, inatosha.

Tumeambiwa tusitumie brashi ya chuma. Basi tusafishe kwa nini? (Masasi)

Kwa brashi ya nailoni ya kufulia kwenye ukuta, na mswaki mkuukuu kwenye vishikio. Mwamba wa Masasi ni naisi, una matabaka. Waya hung'arisha uso wake mpaka unateleza, na hung'oa punje zile zile ambazo vidole vinazitegemea. Safisheni vishikio na mahali pa kukanyaga tu, kuvu ya mawe iliyobaki iacheni.

Kabla ya kuning'inia kwenye ganda la mwamba, ligonge kwa kiganja. Likilia kama debe tupu, limeachana na mwamba. Livute polepole ukiwa umesimama pembeni, kamwe usisimame chini yake. Baada ya moto wa nyika pimeni jiwe zima upya, hata njia mnazozijua, maana joto hubandua maganda. Kutoboa kishiko, kukipanua au kukigundisha kwa gundi ni marufuku. Njia iliyochongwa haina mpandaji wa kwanza, na ugumu uliokushinda leo ulikuwa haki ya mwingine kesho. Ufa wenye nyuki uacheni, msiwafukize.

Mwenzetu ameipa njia jina la matusi kwa kabila la jirani. Anasema ni utani tu, sisi ni watani. Tufanye nini? (Msichana mpandaji, Nachingwea)

Libadilishwe, na wewe huna haja ya kuona haya kulidai. Utani una watu wake na mahali pake: mtani anakutazama usoni, naye ana zamu ya kujibu. Jina la njia linasomwa na mtoto wa kabila hilo akiwa peke yake chini ya jiwe, hana wa kumjibu. Mwaka 2020 wapandaji wa Marekani waliyaanika majina ya kashfa za rangi na jinsia yaliyojaa kwenye vitabu vyao vya njia, na mengi yakabadilishwa. Haki ya kutaja jina haikuwazuia.

Mpeni kwanza mwenyewe nafasi achague jingine. Akikataa, kikundi kiandike njia bila jina, kwa namba na jina lake la mpandaji wa kwanza, kwa kuwa kupanda kwake hakufutiki. Majina ya mambo ya unyago na jando nayo yasitumike. Na lolote litakalokubaliwa lisiandikwe kwa rangi juu ya jiwe. Rangi mnazoziona kwenye picha za Fontainebleau, Ufaransa, ni alama za mizunguko iliyoanza mwaka 1947, siyo ruhusa kwa kila msitu. Liandikeni kwenye daftari la kikundi, na nakala moja mpeleke kwa mtendaji wa kijiji.